Thaumu ya Asubuhi ya Harusi

Asubuhi ya harusi ya bintiye, Bi Tunu alifungua mlango wa uani akawakuta majirani wameshatandika mikeka. Kila mmoja alikuja na kisu chake, na katikati yao palikuwa na ungo uliojaa vitunguu thaumu.

Uso ulimshuka. Chakula cha harusi kilikuwa kinapikwa na watu wa ukumbini, wale wa kofia nyeupe na sahani zinazofanana. Mwanawe wa kiume ndiye aliyetaka hivyo, ili mama apumzike. Majirani aliwapa kadi tu, kama wageni, na tangu siku hiyo alikuwa akiyakwepa macho yao.

"Jamani, leo hapa hapapikwi," alisema kwa sauti ndogo.

"Tunajua," alijibu Mama Shaali wa nyumba ya pili, huku akiendelea kumenya. "Wageni watapikiwa na ukumbi. Mama wa bibi harusi naye atapikiwa na nani? Hapa nani amemwoza mwanawe bila mkono wako? Hebu kaa."

Bi Tunu akakaa, akapewa kisu. Hata kabla hajamaliza kumenya kichwa kimoja, machozi yakaanza kumtoka.

"Hivi vitunguu!" alisema, akijifuta kwa ncha ya khanga.

"Thaumu haimlizi mtu, mwenzangu," alisema Mama Shaali, na ua mzima ukaangua kicheko.

Jioni, ukumbini, mhudumu alimletea bakuli la maji ya ndimu anawe mikono. Bi Tunu alivinusa vidole vyake, akalisogeza bakuli pembeni taratibu.