Nyama ya Tomi

Siku hizi ukiiuliza pakiti yoyote ina nini, sheria inailazimisha iseme kweli, lakini kwa ndiyo au hapana tu. Mtaani kwa Bi Salha watu huuliza swali moja, wakaridhika.

“Una nguruwe?” aliuliza Bi Salha, ameishika kwa ncha za vidole pakiti ya biskuti za mbwa wao, Tomi.

“Hapana,” pakiti ikajibu.

“Mpe basi, mke wangu,” alisema mumewe, Mzee Shekue. “Unataka nini tena?”

Bi Salha hakuridhika. Pakiti imeandikwa “nyama” tu, nyama gani haisemi. Akauliza ng’ombe, akauliza mbuzi, kuku, samaki, hata punda. Kila alipotaja, pakiti ilisema hapana.

Mzee Shekue akaweka kikombe chini. Kule jalalani walikokuwa wakibweka mbwa koko kutwa kucha, kumetulia kabisa tangu kiwanda cha biskuti hizo kifunguliwe.

Mlangoni Tomi alitikisa mkia, udenda ukimtoka.

“Iulize,” alinong’ona mzee.

Bi Salha akaisogeza pakiti mdomoni, akashusha sauti ili Tomi asisikie.