Namsifu Anataka Kurudia Mtihani

Mjukuu wangu Namsifu amepata daraja la kwanza, lakini udaktari unataka alama za juu zaidi. Anataka kurudia mtihani, na mwisho wa kujiandikisha ni kesho. Siku hizi anayerudia hufutiwa kwanza kichwani, kwa mashine, kumbukumbu za miaka miwili iliyopita, ili wote waanze sawa.

"Kitendawili!" nilimwambia tukichambua mchicha.

"Tega, Bibi."

"Nimeshiba, naomba nitapike nile tena."

Alicheka. "Unanisema mimi!"

"Nakusema. Na mashine haichagui, mwanangu. Itafuta hata kifo cha mama yako cha mwaka jana."

Kicheko kilikatika.

"Basi siku hiyo nikirudi nyumbani, nikaingia nikimwita mama, utaniambiaje, Bibi?"

Niliinamia ungo, nikachambua mboga iliyokwisha kuchambuliwa.