Akaunti ya Mama

“Fanya lolote, ila usiizime,” binti alisema kabla Fundi hajatua hata begi lake chini.

Fundi akaitazama kompyuta. Ilikuwa juu ya meza sebuleni, plagi yake imezungushiwa selotepu kwenye soketi ili mtu asije akaichomoa, na pembeni betri kubwa ya kuishika umeme ukikatika. Alishaona watu wanaopenda mashine zao, lakini hii ilikuwa inalelewa kama mtoto njiti. Akaahidi hataizima.

Mzee, baba wa binti, alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, blanketi magotini, macho nje. Fundi akamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

Shida yenyewe binti aliieleza kwa sauti ya chini. Mama amesafiri. Mzee siku hizi husahau, husahau dawa, husahau hata kama amekula. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Mama alikaa kwenye akaunti yake, akarekodi maneno ya kumkumbusha mumewe vidonge, mengi tu, akayapanga yajipige yenyewe asubuhi, mchana na jioni, akaiacha akaunti wazi. Kila mara yanakuja mapya. Leo anamtania shati lake, kesho anamuuliza kama bado anakoroma. Mzee hucheka peke yake, kisha humeza. Akiambiwa na binti hamezi. Husema, “Mama yako atanikumbusha,” na hapo basi, hata umpigie magoti.

Sasa binti naye alikuwa amepata kazi ya kupokea simu za wateja kupitia kompyuta hiyo hiyo, maana nyumba nzima ilikuwa na hiyo moja. Kila akiingia kwenye akaunti yake, Mama hasikiki. Juzi wateja walimzidia, saa ya dawa ikapita kimya, na Mzee akaanguka bafuni. Moyo wake si wa kuchezea, daktari alishasema. Na kazi akiiacha, watakula nini?

“Nimechoka, fundi,” alisema. “Sijui tena nifanyeje.”

Fundi alimwonea huruma, ila moyoni alipumua, maana ugonjwa huu aliujua. Mashine hii inatumia mfumo wa Linux, akaeleza, na una kawaida ya kumpa sauti yule aliye mbele ya skrini tu. Ukiingia wewe, Mama bado yumo, bado anaongea, ila hasikiki. Dawa yake ni kuweka huduma moja ya sauti kwa mashine nzima, kila akaunti ipeleke sauti yake hapo. Mtasikika wote bila kugombana.

Binti akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Fundi akaketi, akaanza kuandika amri. Njiani akataka kuchungulia hizo rekodi, akakuta zimefungwa. Akasifu. Mama huyu ni mtu makini, kafungia mafaili yake yote kwa nywila, na bila nywila hiyo hata fundi awe nani, haoni kitu.

“Unayo, dada?”

Binti akamtupia baba yake jicho. “Anayo Mama mwenyewe.”

“Vizuri,” Fundi akasema, akaendelea.

Alipouliza, kwa mazoea tu ya kuvunja ukimya, kama Mama yuko mbali sana, binti alikohoa na kusema mwaka huu joto limezidi. Fundi akaelewa, au akadhani ameelewa. Mambo ya ndoa za watu hayo, mtu kafunga virago vyake kaondoka, na watoto wanafichaficha. Akafunga mdomo wake.

Simu ya binti ikaita. Alikuwa bosi wake. Akakimbilia jikoni, akavuta mlango, na kutoka sebuleni alisikika akiomba radhi.

Kazi ilikuwa karibu imekwisha. Kilichobaki ni akaunti zote zifungwe, kisha kila mtu aingie upya ili sauti ifuate mpango mpya. Kuzima mashine hakukuwa na haja, na Fundi alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Akatoa amri. Ya binti ikafungwa. Ya Mama ikafungwa. Skrini ikabaki na majina mawili, na chini yake nafasi ya kuandika nywila.

Binti alirudi, akasimama mlangoni. Aliangalia skrini, akamwangalia Fundi, akaangalia skrini tena. Akaegemea ukuta.

“Tayari,” Fundi alisema kwa furaha. “Na sijaizima. Mpigie Mama akutajie nywila, sasa hivi tu anaanza kuongea.”

Binti alitaka kusema jambo, akalimeza. Asingeweza kulisema pale, baba yake akisikia. Hilo walikubaliana tangu mwanzo, yeye na kaka zake, na hakuna aliyewahi kulivunja.

“Hapatikani,” alisema. “Aliko hakuna mtandao.”

“Basi akipatikana.”

“Ndiyo,” binti alisema. “Akipatikana.” Machozi yalikuwa yanamtoka, akageuzia uso ukutani ili Mzee asiyaone.

Lakini Mzee alikuwa ameshageuka kutoka dirishani. Alikuwa anaitazama ile skrini yenye majina mawili.

“Mwache fundi wa watu aende zake, mwanangu,” alisema taratibu. “Mama yako nilimzika mimi. Kusahau nilijifanya tu, ili nisikie kesho atasema nini.”