Kioo Kilichotaja Majina

Siku hizo kila zahanati ilikuwa na kioo kilichosoma mahali damu ilipovilia mwilini, kikataja jina la aliyepagusa. Shaweji alimpeleka mkewe, Mwanaidi, huku wivu ukimchoma. Mikono ya mkewe ilikuwa imejaa madoa ya zambarau, naye alitaka kumjua mwanamume aliyemwachia alama hizo.

Daktari Mbonde alikipitisha kioo mkononi. “Shaweji,” kikasema. Akakipitisha begani. “Shaweji.”

“Mimi? Sijawahi kumpiga, daktari!”

“Sijasema umempiga. Damu yake inachelewa kuganda. Hata akishikwa tu, alama inabaki. Huwa unamshikaje?”

“Hunishika nikitaka kutoka,” Mwanaidi akajibu. “Hata nikienda dukani kununua chumvi.”

Shaweji hakumsikia. Alikuwa anacheka kwa raha: kumbe hakuna mwingine!

Daktari akatoa damu ya kupima, akataka kubana pamba pale sindano ilipoingia.

“Acha, kaka. Mkono wa mke wangu naubana mwenyewe,” Shaweji akasema, akaubana kwa nguvu zote.

“Taratibu, mume wangu,” Mwanaidi akanong’ona.

Shaweji alipouachia mkono, kioo kilikuwa bado kinawaka juu yake. Kikataja jina lake tena, naye akatabasamu kwa fahari.