Godson Arudishwe

Marcel Niyonkuru aliruka kutoka kwenye fuso la mihogo kabla halijasimama, akaangukia magoti pembeni mwa lami ya Kibondo, akainuka bila kujifuta vumbi. Dereva alimtania kwamba hospitali haina miguu, haitamkimbia. Marcel hakugeuka. Hospitali haikimbii, ni kweli. Magari ya watafiti ndiyo yanayokimbia, na hilo hakuna mtu wa kijiji chake cha Kagerankanda, Kasulu, aliyelijua kuliko yeye.

Waliondoka na Godson, wakamwachia yeye ahadi. Ndivyo Marcel anavyolisema jambo hili, na ukimrekebisha mtagombana. Walimkuta mtoto ana miaka minne, miguu imelegea, macho yameanza kuishiwa nuru. Marcel akaambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi, uchunguzi utafanyika ng'ambo, majibu yatarudi. Hakuna kilichorudi.

Baba yake Marcel alizeekea kwenye kambi ya wakimbizi akiomba kibali hata cha kwenda kutafuta kuni. Lakini damu waliyotolewa watu haohao na watafiti ilipanda ndege bila mtu kuiuliza kibali. Marcel hakulisahau hilo. Shule aliiachia darasa la tano, ila alijisomea kwenye simu mpaka akaijua seli na kazi yake, mpaka madaktari wakachoka kubishana naye. Alipiga simu redioni. Alilala kwenye veranda za ofisi. Siku ya gulio alivaa bango kifuani: GODSON ARUDISHWE. Kasulu nzima ikambatiza jina hilo. Arudishwe anapita, walisema, wakicheka.

Mkewe Josepha hakucheka. Tangu mwaka ule watafiti walipoondoka hajavaa kitenge kipya, hajaenda arusini, hajaimba kanisani. Alisema hataanza chochote mpaka mtoto awe nyumbani.

Jana simu iliita. Godson ameletwa Kibondo.

Dakta Yasmini, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, alimpokea mlangoni na kumsogezea kiti. Marcel hakukaa.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba Godson." Daktari alikwishajifunza kuzungumza na Marcel kwa maneno ya Marcel mwenyewe.

"Anakula?"

"Kule alikuwa analishwa vizuri, na anakua. Wamemlaza tu kwa ajili ya safari."

"Basi nipeni niondoke naye. Mama yake anangoja."

Daktari alimwomba asikilize kwanza. Ugonjwa huu, alisema, unatokana na hitilafu ndogo ya urithi. Seli zinapewa amri ya kujiua wakati kazi yake bado haijaisha. Marcel akamwambia hayo anayajua, ayaruke. Akayaruka. Kule wamepata dawa inayoizuia amri hiyo, na kwa Godson imekubali, ndiye wa kwanza. Wamemrudisha kama alivyodai, lakini ni lazima waendelee kumjaribia mwaka mmoja hivi, dozi kubwa na dozi ndogo, kabla mtoto mwingine hajaonjeshwa.

"Kwa hiyo mwanangu ndiye panya wenu."

Daktari hakukana. Alisukuma mlango wa korido. Kwenye benchi alikaa Rosa, mama mmoja kutoka Kasanda, amempakata binti yake Ange. Miguu ya mtoto ilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Marcel aliitambua miguu ile. Akageuza uso.

"Kaka yangu," alisema Rosa, "wamenieleza kwamba wako ndiye anayemfungulia wangu njia. Niachie mwaka huu mmoja."

"Ego, ndiyo dada, nimekusikia. Na wangu atahurumiwa na nani?"

"Haumii," daktari aliingilia.

"Umemuuliza?"

Marcel alisema mengi hapo, mengine ya zamani kuliko Ange, mengine ya zamani kuliko yeye mwenyewe. Kwamba kila wakija, wa kutoa ni walewale. Kwamba kila siku kuna mtu mwingine wa kuonewa huruma kwanza, na wao wa Kagerankanda wangoje. Rosa alimsikiliza huku anamfuta Ange mate, bila kukasirika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Karatasi yenu yenyewe inasema naweza kumtoa siku yoyote," alimaliza. "Leo ndiyo siku yenyewe."

Ilikuwa haki yake, na Dakta Yasmini alilijua hilo. Alimwita Khatibu, fundi wa maabara. Khatibu alikuja anasukuma mtungi mzito wa chuma juu ya magurudumu, akafungua kifuniko, moshi mweupe wa baridi ukamwagika mpaka sakafuni. Kwa kibano alichomoa kichupa kimoja, kifupi kuliko kidole.

"Ndiye huyu," alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

Marcel alinyoosha mkono. "Nipe nikamzike na mwili wake. Yuko kaburini tangu mwaka ule, na ngozi mliyomkata siku zake za mwisho haijarudi. Mama yake hawezi kumaliza matanga ya mtoto aliyezikwa nusu."

Dakta Yasmini alimjibu taratibu kwamba seli zote za Godson zimeletwa, ng'ambo haikubaki hata moja, na kwamba zilizomo kichupani ziko hai bado, ila hazitafika Kasulu zikiwa hai. Joto la kiganja litaziua njiani.

Marcel akarudisha mkono. Miaka yote hiyo alipigania kumzika mwanawe, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ingembidi kwanza amuue.