Sato wa Bwawa la Kassian

Maneno yalianzia kwenye mashine ya kusaga, Matogoro: sato wa Kassian wote ni madume, wanalishwa dawa, na mjamzito akiwala, mtoto wa kike anageuka dume tumboni. Wengine walicheka. Honorata hakucheka. Binti yake Evaline alikuwa na mimba changa, na watoto wanne wa kike tayari. Mumewe, Ramson, alishasema wazi: safari hii asipopata dume, anaoa mwingine Tunduru.

Honorata akateremka bwawani kuhakikisha mwenyewe.

"Shikamoo mama," Kassian alisema. "Na wewe umekuja kunisema?"

Akamweleza kama alivyofundishwa kwenye semina ya ufugaji. Mwilini mwa kifaranga cha samaki mna vijumbe vidogo mno. Kazi yao kunyamazisha amri, hii ya ujike, ile ya udume. Kifaranga kikilishwa dawa siku ishirini na moja, amri ya ujike inanyamaza, kinakua dume. Hapo dawa inakoma. Miezi sita baadaye sato analiwa bila wasiwasi.

"Ila chakula chenyewe," akaonyesha ndoo, "hata mimi sikigusi bila glavu."

Honorata akauliza tena ni siku ngapi. Kassian alipogeuka kuvuta wavu, mama wa watu alikuwa akikaza fundo la khanga yake.

Tangu hapo sato akapigwa marufuku kwa Evaline. Kila asubuhi Honorata alifika na chupa ya uji wa ulezi, akafunua masufuria kukagua.

"Hata mkia, mama?"

"Hata mkia. Kunywa uji uishe."

Kule bwawani Kassian alitega panya. Chakula cha kwenye ndoo kilikuwa kinapungua.

Mtoto alizaliwa Februari. Mkunga alimfunua, akamfunika, akamwita daktari. Kwenye kadi, mahali pa jinsi paliachwa wazi. Ramson aliisoma kadi ile, akaenda kupanda basi la Tunduru.

Pale mashineni wakasema, si tulisema, ni sato. Evaline akaapa hajaonja hata mwiba.

Siku ya kliniki Honorata aliomba kuwaonya wajawazito. Alisoma karatasi yake bila kuinua macho.

Epukeni pombe.

Epukeni dawa bila cheti.

Epukeni kubeba mizigo mizito.

Epukeni uji, hata wa mama mzazi, kama hamkuona alichokitoa kwenye fundo la khanga.