Kisogo cha Tekla

Siku ya kumaliza matanga, wafiwa walikaa mkekani nyuma ya nyumba wakinyolewa mmoja mmoja. Shangazi mtu ndiye aliyeshika wembe. Zamu ikamfikia Tekla.

"Fungua kitambaa, mwanangu. Asiyenyoa hajamuaga mama yake."

Tekla alikishika kitambaa kwa mikono miwili. Tangu utotoni ngozi ya kichwa chake ilikuwa ikivimba, ikitoa magamba na maji, ikipoa, kisha ikaanza upya. Dawa za hospitali zilimtuliza tu. Kijijini Mchinga wote walidhani anajifunga kwa maringo.

Akafungua fundo.

Mwanamke mmoja akajisogeza pembeni, akivuta na kanga yake.

Shangazi aliuweka wembe chini. Akamwinamisha kichwa taratibu, akakitazama kama mtu anayetafuta kitu. Utosini na kwenye paji magamba yalikuwa yamelainika, yananukia mafuta ya nazi. Kisogoni kulikuwa kukavu kama udongo wa kiangazi, kumepasuka, kunavuja damu.

"Mbona huku nyuma hujipaki?"

"Huko alikuwa ananipaka mama."